Vua Kofia Nikuone

(Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wanaume wa Mikindani Jumapili iliyopita alasiri, chini ya miembe karibu na ufukwe. Wengi hawakuwepo: wengine walikuwa wanasafisha chini ya mikorosho kabla ya kuanza kuokota, wengine walikuwa baharini. Wameniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka.)

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Wajomba, wapwa, wadogo zangu, nawasalimu nyote.

Mimi ni kinyozi. Vichwa vyenu navijua kuliko mnavyovijua wenyewe, maana mimi nakiona kisogo na ninyi hamkioni. Miaka 29 nashika mashine hapa na Mtwara mjini. Niliowanyoa wakiwa ndiyo kwanza wametoka jando, leo wananiletea watoto wao wa kiume. Kwa hiyo nilipoombwa niseme na wanaume wa miaka arobaini kwenda juu, kuhusu sura zinavyobadilika na kuhusu kutafuta mwenza katika umri huu, sikukataa. Nina miaka 54. Habari hii inanihusu.

Nianze na kioo cha pili.

Nikimaliza kunyoa nachukua kioo kidogo, nasimama nyuma ya mteja, ili aone kisogo chake kwenye kioo kikubwa cha mbele. Kijana wa miaka 20 anakitazama hadi mkono unanichoka. Anageuza shingo kushoto, anageuza kulia, anataka kuona mstari umekaaje. Miaka inakwenda. Anafika 38, anafika 40. Siku moja nainua kile kioo, na yeye anainamisha macho. "Basi, basi, inatosha." Analipa, anavaa kofia, anatoka. Tangu siku hiyo kioo cha pili hakitaki tena. Wengine wanasubiri saluni iwe tupu, ndipo wananiuliza kwa sauti ya chini: "Huko nyuma pamefika wapi?" Kama mtu anayeuliza mafuriko yamefika wapi.

Ndugu zangu, nimeiona siku hiyo kwa wanaume wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Taabu yetu haianzii kwenye upara. Inaanzia pale macho yanapoinama.

Na tusijilaumu sana, maana ni nani aliyetufundisha? Wengi wetu tumepita jandoni. Tuliingia watoto, tukaimbiwa, tukafundishwa namna ya kumsalimu mkubwa na namna ya kuishi na mwanamke, tukatoka na nguo mpya na majina mapya, mapiko, ngoma yetu ya vinyago, yakachezwa, mama zetu wakapiga vigelegele. Mwili ulipobadilika mara ya kwanza, kijiji kizima kilijua la kufanya. Sauti ikikwaruza, ndevu zikiota, alikuwepo mtu wa kukuambia hii ni nini. Sasa mwili unabadilika mara ya pili. Nywele zinapungua, tumbo linatangulia mlangoni, maandishi yanakuwa na ukungu, usingizi unakatika usiku kwa haja ndogo. Nani alikuja kutuambia hii ni nini? Jando la miaka hamsini liko wapi? Halipo. Kila mmoja anajifundisha peke yake, gizani, na mwalimu wake ni simu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na nembo usoni, chale za Kimakonde kutoka shavuni hadi kwenye paji la uso, na meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa ncha. Huyo ndiye aliyekuwa mtanashati wa Newala katika ujana wake. Akaenda Tanga kukata mkonge, na huko watu wakamkodolea macho kama kitu cha maonyesho. Hakuifuta nembo. Alirudi na sura ileile, akaoa kwa sura ileile, na bibi alikuwa akimpaka mafuta usoni jioni, kidole kikifuata mistari. Mimi mtoto nilikuwa nakaa mkekani naangalia. Nikisikia leo kwamba mwanamume hapendwi kwa sababu nywele zimerudi nyuma, nakikumbuka kile kidole.

Hebu tuuseme upara wenyewe, kwa kuwa mnaniuliza kila siku. Mmoja ananiambia ni kofia zinazobana, mwingine ni maji ya chumvi, mwingine kalogwa. Hapana. Upara wa kawaida wa wanaume unatokana na homoni ya kiume, testosteroni, inayogeuzwa mwilini kuwa homoni nyingine iitwayo DHT. Kwa aliyerithi, vile vitundu vya juu ya kichwa vinavyootesha nywele vinasinyaa kwa sababu ya homoni hiyo. Vinatoa unywele mwembamba, kisha mwembamba zaidi, kisha havitoi. Ndiyo maana pembeni na kisogoni nywele zinabaki. Wanaume wanaofika miaka 50, karibu nusu yao wana upara wa kiasi fulani. Nusu! Tazameni kulia, tazameni kushoto.

Na urithi huo unatoka wapi? Unatoka pande zote mbili, lakini sehemu yake kubwa iko kwenye kromosomu X, na mwanamume X yake anapewa na mama. Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wamwera, sisi tunaohesabu ukoo kwa mama, mnasikia? Ukitaka kujua kichwa chako kinakwenda wapi, mtazame mjomba. Mjomba aliyekusimamia jandoni, mjomba aliyesimamia ndoa yako, huenda ndiye anayekuonyesha na kichwa chako cha kesho. Mimi wa kwangu alikuwa na para linalong'aa tangu nikiwa darasa la pili, na hakuna mtu hapa Mikindani aliyewahi kukaa kabla yake akiingia barazani.

Dawa ipo, sitawaficha. Ipo ya kupaka, minoksidili, ambayo ilianza kama kidonge cha presha, madaktari wakaona wagonjwa wanaota nywele. Inasaidia baadhi ya watu, na ukiacha kuipaka kilichoota kinaanguka. Anayetaka aende kwa mfamasia, asinunue chupa isiyo na jina kwa mtu wa kwenye basi. Hakuna dhambi katika kujitunza. Mimi naishi kwa watu kujitunza. Ninachokipinga ni kujificha.

Nitawapa kisa. Mwaka juzi mteja wangu mmoja, miaka 47, aliyeachana na mkewe zamani, alikuwa aende Lindi kujitambulisha kwa ndugu wa mwanamke aliyempenda. Mwanamke mtu mzima, mwenye biashara yake. Usiku wa kuamkia safari akanunua piko, akaikoroga kwenye kisosi, akapaka kichwa na ndevu. Alishaipaka mara mbili kabla na haikumfanya kitu. Rangi nyingi nyeusi za namna hiyo zina kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD, na mwili wa baadhi ya watu unaweza kuivumilia mara ya kwanza na ya pili huku unaiwekea kumbukumbu. Mara ya tatu unaikataa. Alfajiri akanipigia simu, sauti nzito. Nilimkuta ameketi jamvini. Kope zimevimba hadi macho yamebaki mistari miwili, masikio mekundu, kando ya ndevu kunatoka maji ya manjano. Nilimkimbiza hospitali kwa bajaji. Lindi pilau ilikuwa imeshaiva, wajomba wa mwanamke wamekaa mkekani wanangoja.

Mshenga alipokwenda kuomba radhi na kueleza yaliyotokea, yule mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Alikuwa anaficha mvi? Mbona mvi zake nilishaziona siku ya kwanza, pale stendi?"

Alishaziona! Mtu aliutia uso wake hatarini kuficha kitu ambacho kilishaonekana, kikakubaliwa, kikapikiwa pilau.

Geukeni mtazame nyumba zile za kale nyuma yetu. Mafundi wa hapa wananielewa. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na zimeuona utawala wa Mjerumani ukija na ukiondoka. Chokaa inapumua. Ukuta ukinyonya unyevu, chokaa inautoa nje. Akija mwenye nyumba anayeona aibu kwa ukuta uliochunika, akaupiga plasta ya saruji ili uonekane mpya, mwaka wa kwanza unapendeza kweli. Lakini unyevu na chumvi vimefungiwa ndani, havina pa kutokea, ukuta unaanza kuoza kwa ndani, na plasta inakuja kubanduka na vipande vya jiwe. Fundi mzuri anaupaka chokaa, tena na tena, na ukuta unabaki wa zamani, safi.

Kuhusu miwani nitasema haraka. Kuanzia miaka 40 au 45 hivi lenzi ya jicho inakuwa ngumu, haibadiliki tena umbo vizuri ili kuona karibu. Ni ya kila mtu, haina mwenyewe. Lakini nina rafiki, mjane kama nilivyokuwa mimi, aliyekataa miwani asionekane mzee. Mama mmoja wa Chikongola akawa anamwandikia ujumbe kwenye simu, ujumbe mzuri wa usiku, naye akawa anampa kijana wa jirani amsomee. Maneno ya mama wa watu yakawa yanasomwa kwa sauti uani. Mama alipojua, alikata mawasiliano na hakurudi. Miwani ya kusomea inauzwa sokoni.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo mnalinong'ona. Wazee mnisamehe, nitalisema kwa heshima.

Tuna msemo: ng'ombe hazeeki maini. Tunausema tukicheka, tukijipiga vifua. Lakini mimi, kiti changu kinasikia mengine. Mtu amefumba macho, namnyoa ndevu, ananiambia taratibu kwamba jogoo hawiki. Ana mchumba, anaogopa kuoa, anatafuta sababu za kusogeza tarehe mbele. Anaangalia huku na huku, anatoa mfukoni karatasi ya unga. Vumbi la Kongo, au dawa aliyopewa na mtu wa mnadani, au kidonge cha bluu alichonunua kimojakimoja bila kuuliza kwa nani.

Mmoja alikuwa na miaka 49, dereva wa lori. Alikunywa unga huo miezi mitano. Wakati wote huo kiu haimwishi, anakunywa maji jagi zima saluni kwangu, anatoka kukojoa mara mbili kabla sijamaliza kichwa kimoja. Mimi kinyozi ndiye niliyemwambia nenda ukapime sukari. Ilikuwa juu mno, na kidonda cha mguuni alichokuwa anakiita cha kiatu kilikuwa hakijapona wiki sita.

Sikilizeni kwa makini, maana hili ndilo lililonileta hapa. Mishipa ya damu ya sehemu hiyo ni myembamba, upana wake milimita 1 au 2. Mishipa inayolisha moyo ni milimita 3 au 4. Ugonjwa unaoziba mishipa, uwe umeletwa na presha, sukari, sigara au mafuta, unaonekana kwanza palipo pembamba. Jogoo akinyamaza kwa mtu wa umri wetu, mara nyingine moyo ndio unaotuma taarifa, na inaweza kutangulia miaka kadhaa. Siyo kila mara. Mara nyingine ni mawazo, uchovu, pombe, au dawa anazokunywa mtu. Homoni nayo inashuka, polepole, asilimia 1 hivi kwa mwaka. Lakini anayeijua sababu ni yule tu aliyepimwa.

Na kile kidonge cha bluu, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1998, ni dawa halali mikononi mwa daktari. Ukikinywa na huku unatumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua, presha inaweza kuporomoka ukafa. Muuza dawa wa mnadani amekuuliza kama una dawa za moyo? Hakukuuliza.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Tulifundishwa maneno hayo tukiwa wadogo, tukadhani ni ya wanawake wanaojifungua. Ni yetu sisi hapa.

Hela. Nitakuwa sitendi haki nikiondoka bila kuisema, na msimu wa korosho unakuja mwezi ujao. Mnajua jinsi minada ikifunguliwa mambo yanavyobadilika, pikipiki mpya, harusi mpya, talaka mpya. Kuna mkulima wa upande wa Nanyamba, miaka 52, ana mikorosho mizuri aliyoachiwa na wazee. Mkewe alirudi kwao baada ya miaka mingi ya ugomvi, akabaki peke yake kwenye nyumba kubwa. Akapata binti wa miaka 23. Mwezi wa tano, mikorosho haijatoa hata ua, akauza kangomba. Mnaoijua kangomba hapa mnainamisha vichwa. Akachukua hela kidogo kwa korosho zisizokuwepo, akanunua simu, akanunua vitenge, akalipa chumba. Alikuwa anakuja kwangu kila Ijumaa: nitoe mvi zote, ndevu zote, nifanye kijana.

Mwezi wa kumi nilimkuta shambani kwake, nilikwenda kwa msiba kijiji cha jirani. Ameinama chini ya mkorosho, anaokota, anavunja bibo, anaweka korosho kwenye kiroba. Nikamsaidia kuokota. Akasema, "Hizi si zangu, kaka. Hiki kiroba si changu, na kile si changu. Naokotea watu." Binti alishaondoka tangu Agosti. Akasema jambo jingine, na hili ndilo lililonikaa: "Miezi mitatu ile hajawahi kuniuliza mama yangu alifariki lini."

Simlaumu yule binti. Alionyeshwa hela, akazitazama hela. Hakuonyeshwa mtu. Mwanamume wa miaka 52 ana mengi ya kuonyesha: amezika wazazi, amelea, ameshindwa, amesamehewa, anajua kunyamaza. Haya yote aliyafungia ndani, akayapiga plasta. Sisemi mtu mzima asipendane na aliye mdogo kwake, nimeona ndoa za namna hiyo zenye kheri. Nauliza tu, ndugu zangu: anakuona? Ukivua simu, ukivua kiroba, kuna mtu anayemjua pale?

Nimalizie na langu.

Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Miaka minne nilikaa bila kutaka lolote. Halafu nikaanza kumtazama mama mmoja wa hapahapa, mjane, anauza bagia na chai asubuhi. Nilikuwa nakunywa chai na kofia kichwani, asubuhi hadi saa nne, kila siku, bila kujali jua kali. Mimi ninayewaambia wateja upara si kitu, nilikuwa sijawahi kuuonyesha wangu kwa mwanamke yeyote isipokuwa marehemu. Nilimwambia nina miaka 48.

Nilimtuma mshenga, mzee wa heshima, yupo hapa amekaa mbele yenu. Mama akamjibu kwamba anataka nije mwenyewe, uani kwake, mchana. Nilimkuta ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Hakuinuka. Alinikaribisha kigoda, akaendelea kukuna. Nikaanza hotuba yangu niliyoiandaa. Akaniacha niseme hadi nikaishiwa. Nazi inaanguka kwenye sinia, krr, krr, krr.

Akasema: "Mimi nina miaka 51. Nina goti linaniuma nikisimama sana. Nina presha, nakunywa kidonge kimoja usiku. Nina watoto watatu na mjukuu mmoja, na huyo mdogo wa mwisho atakuchukia mwaka mzima. Marehemu nilimpenda na picha yake siitoi ukutani. Sasa wewe. Vua kofia nikuone."

Nilivua. Joto la jua likapiga kichwani. Alisimamisha mkono juu ya nazi, akanitazama kichwa, kisha uso, kisha kichwa tena, bila haraka, kama mtu anayesoma. Nikamwambia miaka yangu ya kweli. Nikamwambia sijapima presha tangu mke wangu augue, kwa sababu naogopa hospitali ile aliyofia. Sikuwa nimelisema hilo kwa mtu.

Akaniambia, "Kesho tunakwenda wote." Akarudi kwenye nazi yake.

Tulikwenda. Yangu ilikuwa 168 kwa 102. Yule mtoto wa mwisho alinichukia miezi minane, si mwaka.

Ndugu zangu, pale chini ya mwembe wa mwisho amekaa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ni muuguzi, amekuja siku yake ya mapumziko. Ana mashine ya presha, ana kipimo cha sukari, ana utepe wa fundi cherehani wa kupima kiuno, na sentimita 102 kwenda juu atakuomba mzungumze. Hatamwita mtu jina kwa sauti. Mwenye swali la faragha, amemwekea kiti nyuma ya turubai, atamsikiliza kama mjomba wake. Na mimi nimeleta kioo cha pili, nimekitundika pale kwenye shina.

Mkono wa kwanza ni wangu. Mwanangu, lete mashine. Wazee, shukeni mnifuate, na kofia ziacheni hapo mkekani.